Funguo anazo, cheo hana

Ndugu zangu, leo nina swali dogo tu. Ukiingia duka lolote la jumla pale Kariakoo, iwe Mtaa wa Kongo, Aggrey au Narung'ombe, ukauliza "meneja yuko wapi?", utajibiwa nini? Mimi nimeuliza swali hilo mara nyingi katika kazi hii ya kuzunguka na kalamu na daftari, na majibu huwa mawili. Ama utaambiwa "tajiri hajafika", ama utaambiwa "ongea na huyo hapo". Huyo hapo ni kijana wa miaka 24 au 25, kavaa fulana na ndala, kalamu sikioni, funguo zimening'inia kiunoni. Hana meza wala kitambulisho shingoni. Lakini hakuna boksi linaloingia wala kutoka bila yeye kujua.

Nataka tumzungumzie kijana huyo. Mjini hapa tumezoea kusema kazi ya duka haina kupanda, kwamba ukianza kuuza utauza mpaka uchoke uondoke. Mimi nasema si kweli. Kariakoo watu wanapanda kila siku. Ila wanapandishwa majukumu tu. Mshahara, jina la cheo na karatasi vinabaki chini kule walikoanzia.

Hebu tuangalie wanavyopanda. Mwaka wa kwanza kijana anafagia, anabeba maboksi kutoka stoo ya ghorofani, anatumwa chai na chapati. Akionekana si mvivu na hana mkono mrefu, anasogezwa kaunta. Hapo anajifunza kwamba kila bidhaa ina bei tatu: bei ya rejareja, bei ya jumla, na bei ya mwisho ambayo ukishuka chini yake umeuza hasara. Anajifunza kumtambua mteja aliyetoka Tunduma au Lubumbashi na fedha mkononi, na kumtofautisha na mtu anayeua muda kwa kuuliza bei. Anajifunza kuishi na mawinga, wale washikaji wanaovuta wateja mtaani na kudai chao juu ya bei. Baadaye anakabidhiwa mashine ya kutolea risiti, kisha daftari la mali kauli, lile linaloonyesha nani kachukua mzigo na bado hajalipa. Kisha anafunga hesabu za jioni. Kisha anapeleka fedha benki.

Halafu inafika siku kontena limetoka bandarini na tajiri yuko Guangzhou. Nani atakimbizana na wakala wa forodha? Nani atasimama usiku kucha mzigo ukishushwa, ahesabu maboksi moja moja, agundue kwamba matatu hayapo na kuwabana makuli palepale? Ni yeye. Baada ya hapo anapewa funguo.

Ukipewa funguo umefika juu kabisa. Unafungua kabla ya wenzako na kufunga baada yao. Unapanga nani akae kaunta na nani aende stoo. Ukisema kijana fulani hafai, anaondoka. Ukimleta mdogo wako kutoka kijijini, anapokelewa. Kwenye duka lenye kiyoyozi kule Masaki, mtu anayefanya mambo haya anaitwa meneja, ana mkataba na ana likizo. Kariakoo anaitwa "kijana wangu".

Kuhusu malipo, wengi wa vijana hawa wanalipwa posho ya siku, na tajiri akifurahi jioni anaongeza kidogo. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi katika sekta ya biashara na viwanda. Serikali ikatoa amri nyingine mwaka 2025, ikaanza Januari 2026, na wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi ukapanda kwa asilimia 33.4. Si haba. Lakini kima cha chini ni cha mtu wa chini. Hakimtenganishi anayefagia na anayeshika funguo za mali ya mamilioni. Huo mwanya lazima uzibwe na makubaliano ya watu wawili, na makubaliano hayo ndiyo ninayoyatafuta bila kuyaona.

Sasa nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuuponda utaratibu wa Kariakoo. Ni wa zamani, na umetoa watu. Kila aliyewahi kulaza mgonjwa Muhimbili amesikia wodi ya Sewahaji. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo karne ya 19, na hospitali iliyobeba jina lake hapa Dar es Salaam ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo. Dukani kwake alikuwepo msaidizi mmoja aliyetoka India akiwa kijana mdogo, jina lake Allidina Visram. Huyu alianza kama mnavyoanza ninyi mnaotumwa chai. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram akaikuza biashara mpaka maduka yake yakaifuata reli kutoka Mombasa hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916. Kule Mombasa ipo sekondari yenye jina lake.

Msaidizi wa duka aliyeishia kuwa na maduka kila kituo cha reli! Hiyo hadithi ndiyo inayoendesha Kariakoo hadi leo. Wachaga wanaijua. Wakinga wa Makete wanaijua zaidi: kijana anachukuliwa nyumbani, anatumikia duka la mjomba au la mtu wa kijijini kwao kwa miaka kadhaa, akiiva anapewa mzigo na fremu yake. "Kufunguliwa duka" ndiyo inaitwa. Kwa hiyo kule ngazi haiishii kwenye umeneja. Inaruka kutoka kaunta mpaka umiliki. Hakuna chuo kikuu hapa nchini kinachoweza kumuahidi mhitimu kitu kama hicho, na sisi tuliokaa madarasani tunapaswa kuwa wapole kidogo tunapowazungumzia watu hawa.

Tatizo linaanza pale utaratibu wa ukoo unapotumika kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wa tajiri ana mama yake wa kumsemea. Tajiri akimzungusha mwaka wa sita, wazee watakaa kikao na atabanwa. Je, yule kijana aliyetoka Singida au Kigoma, aliyeletwa na rafiki wa rafiki, nani atamsemea? Yeye ana neno moja tu aliloambiwa siku moja tajiri akiwa na furaha: "Tulia, fanya kazi, nitakufungulia." Lini? Kwa mtaji wa shilingi ngapi? Mbele ya nani? Hayo hayakusemwa.

Na neno hilo lina njia nyingi za kufa. Tajiri anafariki, watoto wanakuja na mwanasheria, hawamjui kijana wala ahadi yake. Au shemeji kapoteza kazi, analetwa dukani "asaidie kusimamia", na wiki inayofuata funguo zinabadilika kiuno. Au, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, muda wa kufunguliwa unapokaribia mzigo unaonekana pungufu. Boksi 12 hazionekani. Nani alikuwa na funguo? Miaka minane inafutwa kwa hesabu ya asubuhi moja, na kijana anaondoka na jina la mwizi linalomtangulia mtaa wa pili. Inawezekana kweli kaiba. Inawezekana hajaiba. Hakuna atakayejua, kwa sababu stoo ile haikuwahi kuhesabiwa na watu wawili wakatia sahihi.

Wapo watakaosema dawa ni maduka makubwa ya kisasa, kule kuna ngazi inayoeleweka: mpangaji bidhaa, keshia, msimamizi, meneja msaidizi, meneja. Ni kweli ngazi ile ipo, na inafanya kazi. Doug McMillon aliyeongoza Walmart ya Marekani kuanzia 2014 alianza kazi katika kampuni hiyo mwaka 1984 akipakua malori kwenye ghala lao kwa malipo ya saa. Aliyempokea mwaka 2026, John Furner, naye alianza kwa malipo ya saa dukani mwaka 1993. Na Walmart hatuifahamu kwa kusikia tu, maana mwaka 2011 ilinunua hisa nyingi za Massmart ya Afrika Kusini, wenye duka la Game lililokuwa Mlimani City.

Lakini angalieni yaliyotupata. Shoprite, waliokuwa na duka pale Kamata, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, waliwauzia Nakumatt maduka yao mwaka 2014. Uchumi ya Kenya ikafunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt nayo ikazama kwenye madeni, na kufikia 2018 rafu zake zilikuwa tupu. Game ikafunga Mlimani City mwaka 2022. Majina manne makubwa, ndani ya miaka minane! Kijana aliyeingia kama mpanga bidhaa mwaka 2010 akitegemea kufika umeneja, ngazi iliondolewa akiwa katikati.

Hata hivyo yule wa duka kubwa aliondoka na kitu ambacho yule wa Kariakoo hana: karatasi. Alikuwa na barua ya ajira inayosema aliajiriwa kama nani na lini akawa nani, na michango yake ipo NSSF. Akienda kuomba kazi kwingine anasema "nilikuwa msimamizi wa zamu", na anaweza kuthibitisha. Mwenzake wa Mtaa wa Kongo aliyesimamia mzigo mara kumi ya ule anasema nini? "Nilikuwa nauza duka la mtu."

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Uaminifu wa Kariakoo ni mali. Karatasi ya maduka makubwa pia ni mali. Sioni kwa nini kijana achague kimoja. Tuichukue karatasi tuilete Kariakoo.

Wala haihitaji sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ipo tangu 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi anayofanya, siku aliyoanza, saa za kazi, mshahara. Ikitokea mgogoro na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye mwajiri. Wangapi wanalijua hilo? Sheria hiyohiyo inasema mwisho wa ajira mfanyakazi apewe cheti cha utumishi. Inaweka pia malipo ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa mtu anayeachishwa baada ya kufanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na ambaye hakufukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Yule wa miaka minane, hizo ni siku 56 za mshahara. Si mtaji wa kufungulia duka, lakini ni nauli na kodi ya chumba wakati anajipanga. Na akitaka kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka afike ndani ya siku 30. Wengi wanapokuja kuambiwa habari za Tume, miezi sita imepita.

Najua matajiri watakachosema, maana nimewasikiliza na wao. Watasema kijana ukishamwandikia mkataba anakuwa mbishi. Watasema ukimfundisha sana, akishajua bei ya Guangzhou na namba za wateja, anakodi fremu mtaa wa pili na kuondoka na nusu ya wateja wako. Watasema kilemba cha fremu kimepanda, kodi zimepanda, NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na yeye lazima abebe angalau nusu yake. Na watasema wameibiwa. Hayo yote yanatokea, siwezi kubisha.

Lakini hebu wajiulize: ni nani anayehama usiku na wateja? Ni kijana anayejua tarehe yake ya kufunguliwa ni mwakani, au ni yule aliyezungushwa mpaka akaona ajifungulie mwenyewe? Mtu asiyejua lini zamu yake itafika ataitafuta njia ya mkato. Mkataba wenye tarehe unamlinda tajiri kuliko makufuli matatu.

Wenzetu wa Nigeria wana mfano. Waigbo, hasa baada ya vita ya Biafra ya 1967 hadi 1970 kuwaacha mikono mitupu, walijijenga upya kwa utaratibu unaofanana sana na wa Kariakoo. Kijana anatumikia duka la bwana wake, kisha bwana anamtoa na mtaji. Tofauti ni kwamba kwa desturi yao familia mbili zinakaa mwanzoni na miaka inatajwa mbele ya mashahidi. Hata kule malalamiko yapo, na mengine ni yaleyale ya mtu kusingiziwa wizi muda wake ukikaribia. Lakini kule swali la "lini" linajibiwa siku ya kwanza. Kwetu swali hilo kuliuliza ni utovu wa adabu.

Kinachonishangaza ni kwamba Kariakoo tunaijadili sana, ila kijana huyu hatumjadili. Mei 2023 maduka yalifungwa, Waziri Mkuu akaja kuzungumza na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Habari ikawa kodi na usajili wa stoo. Mwaka 2025 Serikali ikapiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, rejareja ikiwemo. Habari ikawa Wachina. Yote ni mambo ya maana. Lakini yote ni mazungumzo ya nani awe mwenye duka. Watu wanaofungua duka hilo asubuhi walisoma habari hizo wakiwa wamesimama kaunta, na mimi niliyekuwa nikizifuatilia sikusikia anayewaulizia.

Sasa nigeukie kwenu ninyi mnaosoma hapa, maana wengi wenu nawajua. Kundi la kwanza ni wahitimu mnaotafuta kazi mwaka wa pili sasa, na duka mnaliona aibu. Nawaambia hivi: mtu aliyemaliza shahada ya biashara akikaa miaka mitatu Kariakoo akajifunza bei tatu, mali kauli na kontena, atakuwa anajua vitu ambavyo mwalimu wake havijui. Ila usiingie kienyeji. Ingia na karatasi yako. Uliza siku ya kwanza, kwa heshima lakini kwa uwazi: naanza kama nani, nikifika wapi naongezewa nini, na baada ya miaka mingapi tunakaa tena?

Kundi la pili ni ninyi watoto wa matajiri wenyewe. Tulisoma pamoja, tunajuana. Mzee akichoka utaitwa urudi dukani, na shahada yako utawekwa juu ya yule kijana mwenye funguo. Ulipokuwa unasoma ada yako ilitoka kwenye droo aliyokuwa anaifunga yeye kila jioni. Utakapoingia, kabla hujabadilisha rangi ya kibao na kuleta kompyuta, muulize mzee: huyu tulimuahidi nini? Na umuulize mzee angali hai.

Yanayotakiwa kuandikwa si mengi, ukurasa mmoja unatosha. Siku aliyoanza. Kazi anayofanya sasa, kwa jina lake halisi. Kama anasimamia duka, iandikwe msimamizi wa duka. Mshahara, na lini utaangaliwa upya. Kama kuna ahadi ya kufunguliwa, iandikwe mwaka na kiasi, na nini kitatokea tajiri akifariki. Stoo ihesabiwe kila mwezi na watu wawili, wote watie sahihi. Mashahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande.

Mwenye duka, jambo hili halihitaji semina wala mfadhili. Leo jioni mkishafunga hesabu, kabla hajazima taa, mwambie akae. Kalamu ipo sikioni kwake.